Mwalimu na Maji ya Jembe

"Zaina, mama yako alete jembe! Umesikia? Jembe ile ya juu ya moto. Alete jembe!"

Sauti hiyo iliingia kwenye simu yangu asubuhi moja ya soko, nimeinama juu ya cherehani, gauni la mteja mkononi. Niliruka mpaka kiti kikaanguka. Nikaisikiliza tena, na tena. Ilikuwa sauti yake kweli, ile ya kukwaruza, isiyojua kunong'ona: sauti ya mwalimu wetu wa zamani wa biolojia. Mtu huyo angeweza kuomba kitu chochote hapa Kasongo na mimi nisishangae, isipokuwa jembe la mama yangu.

Jembe lenyewe halilimi tena. Ni la kufuliwa na mhunzi, si la dukani, na bibi yangu alililimia mpaka likabaki upana wa kiganja. Tangu hapo linakaa darini, juu ya moshi wa jiko, na kazi yake imebaki moja. Mtu wa kwetu akiumia na kutokwa na damu, mama hulishusha, huliweka motoni mpaka liwe jekundu, kisha hulitumbukiza katika chungu cha maji. Maji yanalia, mvuke unapanda, na mgonjwa anayanywa yakiwa vuguvugu, kabla hajasema na mtu yeyote asubuhi hiyo. Damu iliyomwagika imeondoka na chuma chake, ndivyo tunavyoelezwa tangu utoto, basi chuma kirudishwe. Na jembe halikopeshwi wala halitumwi. Mwenye nalo ndiye anayelishika.

Mwalimu alikuwa adui wa maji hayo. Aliwahi kuyamwaga chini mbele ya mama, nyumbani kwa mama mwenyewe, na mama akaapa kwamba hatamnywesha mwanamume huyo hata tone, hata akifikishwa mlangoni kwa machela. Sasa yuko kijijini kwao, Wamaza, ameumia mguu, amepoteza damu nyingi, na anaomba jembe! Niliona mambo mawili tu. Ama homa imempanda kichwani na hajui anachosema, na hapo tunampoteza. Ama anajua anachosema, na hapo kuna jambo ambalo mimi, mwanafunzi wake, sijalielewa. Vyovyote vile ilibidi mama akubali, na mama si mtu wa kukubali.

Niliacha gauni la watu likiwa na mkono mmoja, nikakimbilia nyumbani.

Mwalimu hakusalimu kama watu wengine wanavyosalimu. Ukikutana naye sokoni anakusogelea, anakuvuta kope la chini kwa kidole gumba, anachungulia ndani, halafu ndipo anapouliza habari ya watoto. "Tuulize damu kwanza," husema. "Mudomo inadanganya." Alifanya hivyo kwa wauza muchele, kwa wapagazi, kwa wazee wanaotoka msikitini, kwa prefe, mkuu wa shule, akiwa amevaa tai. Ndani ya kope pakiwa pekundu anakupigapiga bega na kuondoka. Pakiwa peupe umekwisha: atakufuata mpaka kwenye kitunguu unachonunua, akikutajia matembele, maharagi, maini na samaki, na kukuambia usinywe chai juu ya chakula.

Siku ya arusi yangu nilikuwa nimeketi nimepambwa, nimetiwa wanja mzito, nimeamriwa nisicheke wala nisilie. Mwalimu akaruka foleni ya wageni, akaja moja kwa moja, akanivuta kope. Wanja ukachuruzika mpaka kidevuni. Akamgeukia mume wangu kwa sauti iliyosikika barabarani: "Bwana arusi, iko muzuri, lakini iko mweupe. Umupe matembele!" Katika picha zote za siku ile nina jicho moja jeusi. Mume wangu huwaambia wageni kwamba alioa mtu aliyetoka kupigana. Nilikasirika wiki nzima, halafu nikala matembele, na kizunguzungu nilichokuwa nikikificha tangu usichana kikapungua kidogo kidogo. Hilo sijamwambia Mwalimu mpaka leo, maana angeniimbia.

Na mtu huyu wa damu, jamani, aliogopa damu! Mama Mwalimu, mke wake, alikuwa akileta kuku kwetu achinjwe na kaka yangu Saidi, akisema tunachinja vizuri, lakini mtaa wote ulijua kwamba mwenye nyumba akiona shingo ya kuku anakwenda chini. Darasani alijikata na makali ya rula ya chuma, jeraha dogo la kuwekea mate. Akaliangalia, akasema "Damu hubeba", akaanguka. Tulimpepea kwa madaftari. Alipofungua macho, akiwa amelala vile vile sakafuni, akamalizia: "...hewa, kwa sababu ya chuma. Andikeni."

Uvumilivu aliuhubiri kila siku, na hakuwa nao hata wa kuweka juu ya kijiko. Wali wa nyumbani kwake uliliwa na kiini. Chai ilimuunguza ulimi kila asubuhi ya Mungu, na kila asubuhi alishangaa. Kanisani alimaliza wimbo kabla ya kwaya, akabaki amesimama akiwangojea wenzake kwa uso wa mtu aliyecheleweshwa. Ukimwuliza swali anaanza kujibu kabla hujafika mwisho wa swali, na mara nyingi anajibu swali zuri kuliko lile ulilokuwa nalo. Kasoro yake ilikuwa kwamba yeye naye hafiki mwisho. Anaona jambo linalong'aa, analirukia, analishika, anakuonyesha kwa furaha, halafu anaona lingine.

Somo lake kubwa, lile ambalo hata waliofeli biolojia wanalikumbuka, lilianza na swali la mwenzetu mmoja. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba mtu akiumia vibaya, ukipima damu yake utakuta chuma kimeshuka haraka, hata kama hakutokwa na damu nyingi. Yule mwenzetu akauliza: "Mwalimu, sasa inaenda wapi?"

Mwalimu aliangusha chaki. Akakimbia mlangoni, akaubamiza mlango, akageuka macho yamemtoka.

"Wanakuya! Watu ya bunduki iko wanakuya! Mama yako anaficha nini ya kwanza? Sema!"

Wa mbele akasema chumvi. Mwingine mbuzi. Mwingine kitenge cha arusi. Mimi nikasema kichwa cha cherehani, kwa sababu mama alikizika katika shamba la mihogo, na ndicho ninachoshonea mpaka sasa.

"Basi ile vitu imeisha?"

"Hapana!"

"Iko wapi?"

"Imefichwa!"

Alicheza! Naapa, alicheza mbele ya tablo, ule ubao wetu mweusi, kaptula ya kaki ikimpwaya. "Imefichwa! Chuma haiishe, inajificha! Ini yako ni mama. Inasikia kelele ya kidonda, inatuma habari mu mwili yote: fungeni milango! Chuma iliyo mu damu inaingizwa ndani, inafichwa mu ini, mu bandama. Chuma ya chakula inapiga hodi ku matumbo, hakuna mutu wa kuifungulia. Juu ya nini? Juu mikrobe, kadudu ya ugonjwa, ni mwizi, na kitu anapenda kuliko yote ni chuma. Akiingia ku kidonda akute nyumba tupu, atafanya nini?"

"Anaondoka!"

"Anaondoka! Ao anakufa na njaa!"

Darasa zima lilikuwa limesimama juu ya madawati, tukipiga makofi kana kwamba mwizi tumemfukuza sisi. Hapo ndipo Mwalimu alipomwona msichana mmoja wa nyuma, mtoto wa familia iliyotoka upande wa Kabambare, amelala juu ya daftari analia. Kwao walikuwa wameficha vitu kama sisi sote, lakini waliporudi, aliyejua mahali vilipofichwa hakuwepo tena. Mwalimu akaenda akaketi kwenye benchi lake. Alikaa naye hapo mpaka kengele ikalia.

Kesho yake aliingia na sauti ndogo ambayo hatukuwa tunaijua. "Jana nilisahau mwisho," alisema, akimwangalia yule msichana. "Kukitulia, kidonda kikianza kufunga, homa ikitoka, ini inafungua milango. Chuma inatoka kwenye ilijificha, inaenda kutengeneza damu mupya. Inatoka polepole, lakini inatoka." Kisha akarudi kwenye makelele yake, na tukafurahi kumpata tena.

Nimelisimulia somo hilo kirefu kwa sababu lile balaa la jembe lilitoka humo humo.

Kaka Saidi alikuwa motari tayari, akibeba watu na mafuta ya mawese kwa pikipiki kati ya Kasongo na Nyangwe. Siku ya mvua pikipiki ikateleza, na chuma cha kuwekea mguu kikamfungua paja. Kituo cha afya walimshona, wakampa dawa za kuzuia kidonda kisioze, akaletwa nyumbani. Alikuwa amechemka kwa homa, midomo imepauka, anatetemeka chini ya blanketi. Mama hakuuliza mtu. Alilishusha jembe, akaliweka motoni.

Mwalimu aliingia wakati kikombe kimekwisha kufika mdomoni mwa Saidi. Alikuwa amekuja mbio toka shuleni, chaki kwenye nywele. Aliliona jembe, akakiona kikombe, akayaona macho ya Saidi.

"Hapana!"

Akakikamata kikombe, akamwaga. Maji yakamrukia mama miguuni. Nadhani hakukusudia miguu, lakini miguu ndiyo iliyolowa.

"Hapana, Mama Saidi! Saa hii hapana! Chuma haikuisha, imejificha, unataka kuifukuza itoke inje, umupe mwizi chakula? Hapana!"

Mama aliangalia miguu yake. Mama yangu ni mfupi, na hapandishi sauti. Anaishusha, na hapo ndipo unapoomba Mungu akuonyeshe mlango.

"Maji ile ni ya mama yangu," alisema. "Umeimwaga chini, mu nyumba yangu, mutoto wangu anaona. Toka kwangu, Mwalimu. Na siku damu yako itatoka, usitume mutu hapa. Sitakunywesha."

Mwalimu akakiweka kikombe chini. Akatoka kinyumenyume, akajigonga kwenye kizingiti.

Alitoka nyumbani, lakini mgonjwa hakumwacha! Siku zote za homa alisimama barabarani, ng'ambo ya mfereji, kwa kuwa barabara si ya mama, akaita kwa sauti ya soko: "Saidi! Homa iko?" Saidi akijibu iko, Mwalimu anaitikia: "Ngoja! Kunywa maji, kunywa dawa, ngoja!" Wapita njia walidhani wazimu. Siku homa ilipoisha akapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Baada ya hapo Mama Mwalimu akawa anafika na maharagi na samaki mkavu, na vidonge alivyoandikiwa Saidi kituoni, vikianza kwa wakati wake. Rangi ilimrudia kaka yangu kidogo kidogo, kope likapata wekundu, na akarudi barabarani.

Nani alimponya? Mwalimu anasema ni kungoja. Mama anasema ni lile funda moja ambalo Saidi alikuwa amekwisha kulimeza kabla kikombe hakijanyang'anywa. Saidi mwenyewe anasema ni dawa za kituo, na kwamba wote wawili walimsumbua.

Mama na Mwalimu hawakusalimiana tena. Siku ya Idi mama alipeleka pilau kwa Mama Mwalimu, akisema kwa mdomo mpana kwamba ni ya mama na watoto, baba wa nyumba asiiguse. Baba wa nyumba aliila yote, akapeleka sahani imeoshwa na juu yake nanasi. Mama alilila nanasi. Salamu hakuna. Mimi nilikuwa katikati, nikipenda pande zote mbili, nikichoka.

Mwalimu alipoacha kufundisha alirudi kwao Wamaza kulima muchele, na kila mtu alisema sasa atanyamaza. Thubutu! Alianza kwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Lusangi, kwa watu wanaojikata na mitarimbo na kudondokewa na mawe, akawavuta kope mmoja mmoja. Aliwafundisha lile somo la kuficha, mlango wa kubamiza ukiwa turubali. Wachimbaji walimpenda. Walimwita wa kwao, wakampa ubwabwa, na wenye vidonda wakaanza kukimbilia kituo cha afya badala ya kupaka udongo.

Ni kwenye njia hiyo ya Lusangi ndipo alipoumia. Pikipiki iliyombeba ilipita juu ya magogo ya kijito, gogo likazunguka, na mguu wake ukapasuka toka goti mpaka karibu na kifundo. Aliona damu, akazimia palepale, na labda ndiyo bahati yake, maana akiwa ametulia watu walimfunga kidonda vizuri. Mama Mwalimu alinipigia simu analia: "Zaina, iko mweupe kama unga. Iko na homa." Kila nilipopiga baada ya hapo alijibu mke, na kila siku jibu lilikuwa lile lile, homa iko. Halafu mtandao ukakatika. Na kimya kile kilipovunjika, ndipo sauti yenyewe ikaniambia mama alete jembe.

Mama alikuwa anachambua muchele. Nilimpa simu, akaiweka sikioni, akasikiliza. Akanirudishia. Akaiomba tena, akasikiliza. Akaendelea kuchambua.

"Mama?"

"Sauti yake imekauka," alisema.

"Mama, labda homa imemuharibu akili."

"Labda."

Akamaliza sinia lote. Akasimama, akapanda juu ya kigoda, akashusha jembe, akalifuta masizi kwa kanga yake nzuri, ile ambayo mimi nikiigusa napigwa mkono.

"Uliapa hautamunywesha," nikasema. Ulimi wangu nao!

"Niliapa sitamunywesha. Atashika kikombe yeye mwenyewe. Ita kaka yako."

Tulikwenda watatu juu ya pikipiki ya Saidi: yeye mbele, mama katikati amefunga jembe kifuani, mimi nyuma na mfuko wa maharagi. Kila kwenye matope mama alisema bismillahi, na kila kwenye gogo alimfinya Saidi mgongoni ashuke asukume. Njia nzima moyo wangu uliuliza swali moja tu, na nilipoiona nyumba ya Wamaza nikaruka kabla pikipiki haijasimama, nikamshika Mama Mwalimu mabega.

"Homa?"

"Ilitoka," akasema. "Ilitoka kabisa! Kidonda kimefunga, muganga amemuanzishia vidonge ya chuma. Lakini hana nguvu, Zaina. Akisimama anaanguka."

Nilimkumbatia pale pale, nikacheka na kulia. Kwa hiyo alijua! Alijua saa ya kuliomba jembe! Milango ilikuwa imefunguliwa, na Mwalimu wangu akili yake ilikuwa kichwani, imenyooka kama zamani.

Alikuwa barazani, mguu juu ya kigoda, amekonda, masikio yamebaki makubwa. Aliponiona akainua mkono wake kuelekea jicho langu, na mkono haukufika. Ukarudi mapajani. Nikapiga magoti, nikakichukua kile kidole gumba, nikajivuta kope mwenyewe kwa kidole chake.

"Jekundu," akasema kwa furaha. "Jekundu, Zaina!"

"Muulize na yeye," akasema Mama Mwalimu. "Muulize alinifanya nini siku za homa. Mutu huyu alilia! Alinililia nimupe siro ya damu, ile dawa ya chupa, nimupe vidonge, nimupe chuma, chuma, hata misumari nitokoseshe. Nikamukatalia. Nikamuambia, imejificha, baba, ngoja. Akaniita mushenzi."

Mwalimu aliangalia paa la nyumba yake. Saidi alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu Mwalimu akamwona mama, amesimama uani na kanga yake nzuri, jembe kifuani. Akafungua kinywa, pumzi imejaa.

"Nyamaza," mama akasema. "Unajua namna yake. Ni asubuhi, kabla ya kusema na mutu. Leo umesema na watu yote. Ni kesho."

Usiniulize jioni ile Mwalimu alijizuia vipi. Najua tu kwamba asubuhi tulimkuta amekaa barazani macho wazi, midomo ameibana, mashavu yamevimba maneno. Jirani akapita akamsalimu. Mwalimu akamwonyesha midomo yake kwa kidole na kutikisa kichwa kwa nguvu mpaka jirani akaenda zake kwa haraka. Mama naye hakuharakisha. Alichagua kuni. Alipuliza. Aliligeuza jembe upande huu na upande huu. Nilimwona yule mtu asiyejua kungoja chai ipoe, anangoja, mikono ikimcheza, na mama anajua, na anaongeza ukuni mmoja.

Jembe likawa jekundu. Likalia ndani ya maji. Mama alichota kikombe, akakiweka juu ya mkeka mbele yake, mbali kidogo ya kiti, akarudi nyuma na kukunja mikono. Hakumnywesha. Mwalimu akainama, akakifikia, akanywa yote mpaka masizi ya chini.

Na maneno yakatoka!

"Mama Saidi! Nilikuambia hapana! Siku ile nilikuambia hapana na haikuwa hapana, ilikuwa bado! Mutoto alikuwa na homa, mulango ilikuwa imefungwa, nilipaswa kusema bado, Mama Saidi, ngoja ifunguke. Nikasema hapana, nikamwaga maji ya mama yako, nikakulowesha miguu. Ni mara ya pili nasahau mwisho ya somo lile! Nimelala hapa nalia chuma, muke wangu ananiambia ngoja, mu moyo nikasema: ni hii 'ngoja' tu ulimunyima yule mama. Chuma ya mu kikombe hii ni kidogo, nakuambia kweli, ya mu vidonge ni mingi kuliko. Lakini sasa mulango iko wazi. Kile kinapiga hodi kinaingia. Nilitaka uwe wewe."

Aliishiwa pumzi. Jasho lilimtoka kwenye kipaji cha uso. Kuku walikuwa wanapekua uani na hakuna aliyewafukuza.

Mama alikunjua mikono. Kisha akamwendea. Nilidhani anakwenda kuchukua kikombe. Akasimama mbele ya kiti, akanyoosha kidole gumba chake kilichochakazwa na mpini, akamvuta Mwalimu kope la chini. Akachungulia. Akamgeuza kichwa kwenye mwanga, akachungulia tena, na jicho la pili. Mimi na Saidi na Mama Mwalimu tulikuwa tumekaribia, tumeinama kama watu wanaoangalia ndani ya kisima.

"Bado," mama akasema.

Mwalimu alicheka! Alicheka mpaka akashika mguu kwa maumivu, machozi yakamshuka kwenye yale mashavu yaliyokonda, na Mama Mwalimu akapiga vigelegele asijue anapigia nini. Mama hakucheka. Alilitoa jembe chunguni, akalifuta, akatafuta kwa macho mahali pa kulitundika, akaliona boriti juu ya jiko la Wamaza, akalitundika huko.

Nilikuwa nimeshafunga mfuko wangu. Saidi alikuwa anapanguza kiti cha pikipiki.

"Mama, twende, jua litatukuta njiani."

Mama alikaa juu ya kigoda kando ya mguu wa Mwalimu, akavuta sinia la muchele wa Mama Mwalimu, akaanza kuchambua.

"Enda na kaka yako," akasema. "Miye minabakia mpaka chuma itoke."